Juu Mgeni, Chini Msiba

Jicho la kushoto la Theonest lilianza kucheza kwenye harusi moja ya Mbagala, tukiwa juu ya pikapu ya Jawad, dereva wetu, bibi harusi anatufuata ndani ya gari lililopambwa kama keki. Theonest aliteremsha tarumbeta, akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono, akaendelea. Mie nilikuwa kushoto kwake na dramu yangu, na nikaona kope inavyodunda peke yake, kama vile ndani kuna mtu anabisha hodi.

"Juu au chini?" Didas akamuuliza. Didas ndiye kiongozi wa bendi yetu, na hakuna jambo duniani asilokuwa na swali juu yake.

"Juu."

"Basi unapata mgeni."

Jumapili yake shemeji wa Theonest akashuka kutoka Bukoba na mkungu wa ndizi na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, bila taarifa, kama wanavyofanyaga mashemeji wote wenye nia ya kukaa. Kama angekosa basi siku ile, nadhani habari hii ingeishia hapo.

Theonest alikuwa fundi rejeta Chang'ombe. Ni Mhaya wa kwanza nimemwona asiyejisifu, na nahisi ni kwa sababu alikuwa na tarumbeta ya kumfanyia kazi hiyo. Gereji za jirani zilikuwa na mashine za upepo zinazonguruma kutwa. Yeye rejeta ikija inavuja, anaziba matundu yote makubwa, anaitumbukiza kwenye pipa la maji, anaweka mdomo kwenye bomba na kupuliza, huku macho yako kwenye maji. Povu likipanda, tundu liko pale. Madereva wa malori walikuwa wanaziacha hizo mashine na kuja kupanga foleni kwake, wanasema upepo wa Theonest hauna haraka, unatafuta.

Mdomo huohuo ndio wa Jumamosi. Alikuwa akipandisha ile noti ya mwisho bibi harusi anapoingia ukumbini, kina mama waliokuwa wameapa hawatalia wanaanza kutafuta kanga. Kiwanja cha Pugu kilitoka kwenye mdomo ule, na vyumba vitatu, na bati. Kwa hiyo anayetaka kujua hasara ya habari hii ilikuwa wapi asitafute mbali: ilikuwa kwenye midomo ya mtu mmoja, na kwenye waya mwembamba unaoivuta, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama upo.

Turudi kwenye jicho. Wiki chache baada ya shemeji, ikacheza kope ya chini. Kila mtu hapa mjini anajua maana yake: ya juu mgeni, ya chini utalia. Hazikupita siku nyingi tukaitwa Tandale kumsindikiza mzee wa kanisa kaburini. Didas alishuka kwenye pikapu akimtazama Theonest kama mtu aliyegundua bomba la mafuta nyuma ya choo chake.

Kuanzia hapo ikawa utaratibu. Kila Ijumaa jioni tukikutana kwa mazoezi, kabla hata ya salamu, Didas anauliza: "Mzee, jicho linasemaje?" Ikiwa juu, tunanyoosha suti za harusi. Ikiwa chini, tunanyoosha nyeusi. Jawad, ambaye ukoo wao una maduka ya vifaa vya ujenzi tangu enzi za babu yake na hapotezi hata msumari, akaanza kujaza mafuta kwa kufuata jicho. Likisema msiba anajaza zaidi, kwa sababu makaburi siku hizi yako mbali kuliko kumbi.

Pugu nako habari zikafika. Majirani wakawa wanapita kwa Demetria, mkewe Theonest, wanajifanya kuomba chumvi.

"Mama, hebu mwulize baba. Yule wangu wa Oman, linamwonaje?"

"Limecheza juu asubuhi."

"Alhamdulillahi. Anarudi."

Jiji la mamilioni ya watu, bendi inayopiga harusini na makaburini, na jicho linalocheza kutwa mara kumi. Utabiri gani ungekosea? Hilo tungejiuliza, kama tungekuwa watu wa kujiuliza. Theonest mwenyewe hakulipenda jambo hili ila alikuwa mpole, hakutaka kumharibia mtu furaha.

"Jicho langu limechoka tu," alisema siku moja.

"Limechoka wapi, mzee," nikamwambia, "linapiga ovataimu."

Pikapu nzima ikacheka. Naye akacheka, na alipocheka mie nikaona kona ya kushoto ya mdomo wake inachelewa kidogo kufika, kama mtu aliyeamshwa na kelele za wenzake. Nikadhani ni jua.

Mambo mengine yalikuja polepole, kila moja na sababu yake mkononi. Alianza kuniambia nipunguze dramu, inamgonga ndani ya sikio la kushoto kama nyundo. Nikamwambia uzee huo, mzee, kesho utaomba blanketi. Akamlalamikia Demetria kwamba zile senene za nyumbani zina ladha upande mmoja wa ulimi tu, upande mwingine ni kama anatafuna karatasi. Demetria akanuna, maana alizikaanga mwenyewe. Theonest akinywa chai, tone moja linamteremka kidevuni bila yeye kujua, na Demetria analifuta bila kusema kitu, jinsi wake wa miaka mingi wanavyofanya.

Kisha asubuhi moja Demetria alimtazama mumewe akipiga mswaki, akaona povu lote linatoka upande mmoja. Uso wa kushoto ulikuwa umeteremka. Siyo wote, jicho lilikuwa bado linajifumba kwa kujilazimisha, na shavu lilikuwa bado linajitahidi. Lakini mdomo ulikuwa umeenda kulia.

Pugu ina madaktari wengi kuliko inavyodhaniwa. Wa kwanza alisema ni feni. Mtu mzima analala na feni inampuliza usoni usiku kucha, alitegemea nini? Feni ikagawiwa kwa jirani, mwezi Machi, na nyumba nzima ikalala inachemka kama makande. Wa pili akasema amepigwa kofi na jini, na kofi la jini halipungui mpaka jini aombwe radhi. Wa tatu alikuwa Somoe, muuza vitumbua, na huyu alikuwa na ushahidi, maana yeye mwenyewe alipinda mdomo mwanzo wa Ramadhani na kufika Iddi alikuwa anasengenya kwa pande zote mbili.

"Zahanati walinipa vidonge," Somoe akasema. "Nenda, baba, kitu cha wiki chache hicho. Mimi huyu hapa."

Theonest akaenda. Akapewa vidonge vilevile na kuambiwa neva ya uso imevimba, itashuka, asubiri. Hawakusema uongo, wengi hupona hivyo. Akasubiri. Wiki chache zikapita, zikaja nyingine, mdomo ukabaki kulia, na jicho likaendelea kutabiri.

Demetria ndiye aliyesema basi. Akanipigia simu mie, kwa sababu niliwahi kusoma maabara, diploma ambayo haikufika mwisho, na kwa watu wa Pugu mtu aliyewahi kuvaa koti jeupe hata kwa mihula michache anatosha kuongea na hospitali. Tukaenda watatu kwenye hospitali kubwa, kitengo cha masikio, pua na koo. Daktari alikuwa mwanamke, kijana, jina lake Dokta Vaileth, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Shikamoo baba. Mdomo ulipinda ghafla, au ulianza polepole?"

"Ghafla," Demetria akajibu. "Aliamka nao."

"Polepole," Theonest akasema.

Demetria akamgeukia.

"Mie napiga tarumbeta, dokta. Kile kipande cha kuwekea mdomo nilikuwa naweka katikati. Nikaona kushoto kunavuja upepo, nikakisogeza kulia. Baadaye nikakisogeza tena. Nilihama kidogo kidogo, kama mpangaji anayedaiwa kodi." Akajaribu kutabasamu. "Harusi nyingi tu zimepita hivyo."

"Na mimi hukuniambia," Demetria akasema.

"Ningekwambia nini? Ilikuwa inatoa sauti bado."

Daktari akamwomba afumbe macho kwa nguvu, apandishe nyusi, ajaze mashavu upepo. Upepo ukatoka kwa kona ya kushoto, pfff, na Theonest akatazama sakafu, fundi rejeta aliyeona povu kwenye kazi yake mwenyewe.

"Kabla ya kulegea, uso ulikuwa unachezacheza? Jicho, au shavu?"

 Mie nilikuwa na utani tayari, nikaumeza.

"Jicho," Demetria akasema taratibu. "Ndilo linalotabiri."

"Linatabiri nini?"

Ikabidi nieleze mie, ya juu na ya chini, suti nyeusi na mafuta ya Jawad. Nje ya chumba kile ilikuwa hadithi ya kuchekesha kuliko zote nilizonazo. Mle ndani ilitoka kama mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe. Dokta Vaileth aliacha kuandika.

"Kwa muda gani?"

"Mwaka na kitu."

"Na hamkuja."

"Tungekuja kusema nini, dokta?" Theonest akamuuliza, bila ubishi. "Halikuwa linauma."

Daktari akachukua kalamu akachora sikio kwenye karatasi. Neva ya uso, alisema, inatoka kwenye ubongo na kupita ndani ya mfupa nyuma ya sikio, kwenye mfereji mwembamba wenye kona, halafu inatokeza mbele ya sikio na kugawanyika: tawi la paji, tawi la jicho, tawi la shavu, tawi la mdomo. Njiani inaacha kamba ndogo ya ladha ya ulimi na nyingine inayozuia kelele zisitikise sikio kupita kiasi. Mie nikakumbuka senene. Nikakumbuka dramu yangu.

"Mdomo unaopinda ghafla, mara nyingi ni ule wa kawaida na mtu anapona," akasema. "Unaopinda polepole, na uso ulikuwa ukicheza kabla, siwezi kukuambia usubiri mpaka nitazame ndani ya mfupa."

Akatazama. Kuna picha ya kuona mfupa na picha nyingine ya kuona nyama laini, ile unaingizwa kwenye bomba linalogonga kama mtu anafunga bati. Tuliporudi kwa majibu alitugeuzia kompyuta. Kwenye ile kona ya mfereji, mahali ambapo kwa mtu mwingine pana uzi tu, kwa Theonest palikuwa na kitu cheupe, kimenenepa, cha ukubwa wa punje ya haragwe. Mfereji wenyewe ulikuwa umepanuka kukipisha.

"Ni uvimbe wa neva yenyewe. Si saratani. Unakua polepole, na ni adimu. Mimi mwenyewe nimeona wachache sana."

"Si saratani," Demetria akarudia, akafanya ishara ya msalaba.

"Unaweza kuutoa?" Theonest akauliza.

"Naweza. Lakini nisikilize vizuri, baba. Haujakaa juu ya neva, umekaa ndani yake. Kuutoa ni kukata neva. Leo upande huu bado una nusu ya uso. Nikikukata leo nakunyang'anya hiyo nusu kwa mikono yangu. Naweza kuchukua neva kutoka mguuni niunganishe palipokatwa, lakini kitu bora kabisa utakachopata kitakuwa kama hiki ulicho nacho sasa, baada ya mwaka au zaidi. Kwa hiyo kwa sasa hatukati. Tunauangalia. Urudi baada ya miezi sita tupige picha nyingine. Na uso ukilegea zaidi ya hapa, usisubiri tarehe. Njoo siku hiyohiyo."

"Nikija utakata."

"Nikikata wakati misuli bado hai, neva mpya ina kitu cha kuamsha. Misuli ikishalala muda mrefu haiamki tena, hata niunganishe neva ya nani."

Alisema hivyo. Nilikuwepo, nilisikia, na Theonest alisikia. Lakini Jumamosi juu ya pikapu Didas alipouliza daktari kasemaje, Theonest alijibu, "Kasema tusubiri," na ndani ya pikapu yetu neno hilo lilibadilika kabla halijafika kwa Jawad kwenye usukani. Kufika Tazara lilikuwa limeshakuwa "hamna tatizo."

Basi akaendelea kupiga, kipande cha mdomo kikiwa kulia kabisa, dole gumba la kushoto likiwa limebana shavu ili lisipepee. Kwa mbali ulikuwa unadhani ni mbwembwe. Vijana wengine wawili wa bendi wakaanza kumwiga.

Halafu jicho likatulia.

Halikuacha kwa siku moja. Lilipungua, likawa linacheza mara moja moja, kisha likawa halichezi kabisa, juu wala chini. Jawad alisikitika kama mtu aliyefiwa na mshauri. "Sasa tutajuaje?" alisema. Lakini nyumbani ilikuwa furaha. Demetria alitoa sadaka ya misa ya shukrani, Somoe akaleta vitumbua, na watu wa Pugu wakaja kumpongeza mgonjwa kwa kupona huku wamesimama mbele ya uso wake, ambao ulikuwa umeanguka zaidi kuliko siku tuliyompeleka hospitali. Ulikuwa umelala kama pazia lililokatika kamba. Na jicho lenyewe lilikuwa limeshindwa kujifumba. Tuliona yote hayo. Ila jicho lilikuwa limetulia, na sie tulikuwa tumelizoea jicho kama msemaji wa nyumba ile, na msemaji akinyamaza watu wanadhani hakuna habari.

Mimi nilimwambia mara moja, kwenye gereji.

"Mzee, dokta alisema ukizidi kulegea."

"Jicho limetulia, Beni."

"Jicho siyo uso mzima."

Alikuwa ameshika rejeta ya Fuso mapajani. Aliizungusha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko rejeta yoyote inavyostahili.

"Nikienda atakata," akasema. "Nisipoenda, Jumamosi nipo kwenye pikapu."

Akainama kwenye pipa, akaweka mdomo kwenye bomba, akapuliza. Maji yalibaki yametulia. Povu lilitokea kwenye kona ya mdomo wake. Akajaribu tena, ameshika shavu kwa mkono mzima, na mwenye Fuso aliyekuwa anasubiri akacheka, siyo kwa ubaya, alidhani anaonyeshwa kichekesho. Mwisho kijana wa gereji ya pili akaja na bomba la mashine yao, akamaliza kazi kwa sekunde. Tarehe ya hospitali ilipofika kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumwaga binti, Kinondoni siku inayofuata, na Theonest akasema atakwenda wiki ijayo.

Sendofu ile ilikuwa ya watu wenye uwezo, ukumbi una viyoyozi mpaka chooni. Mshereheshaji akamtangaza binti, mlango ukafunguliwa, na Theonest akapanda kuifuata ile noti ya mwisho. Haikuja. Kilichotoka kilikuwa sauti ya mtu anayepuliza uji wa moto. Akavuta pumzi, akarudia, na mate yakamwagika kwenye suti, marefu, mbele ya mama mzazi wa binti. Jicho lake la kushoto lilikuwa wazi, jekundu, linatoa machozi. Mtu akasema kwa sauti, "Huyu kalewa." Wengine wakatoa simu.

Video ile ilizunguka. Niliipata kwenye kundi la ukoo wetu, kisha kwenye kundi la watu niliosoma nao, kila mahali ina vicheko chini yake. Theonest, ambaye pombe yake ya mwisho ilikuwa rubisi ya msiba wa babake, alitumiwa video hiyohiyo na mdogo wake aliyeko Bukoba, na maneno: kaka, acha pombe, unatutia aibu.

Didas alimpa matoazi. Alimwita pembeni, akamwambia kwa upole kabisa, "Pumzisha mdomo kwanza, mzee wangu," na Jumamosi iliyofuata mtu aliyetufundisha nusu yetu kupuliza alikuwa nyuma ya pikapu anagonganisha masufuria. Aliyagonga kwa wakati wake, bila kukosea.  Mie ndiye niliyekuwa karibu naye, na safari ile nzima sikupata cha kuchekesha.

Alirudi hospitali kwa miguu ya watu. Alianguka Chang'ombe, kwenye mlango wa gereji, dunia imemzunguka, anatapika. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena, na hakuwa amemwambia mtu tangu lini. Tangu video ilipokuwa imezunguka na kusahaulika, tangu watoto wa mtaa walipozoea kumkimbia, mwaka mzima ulikuwa umepita na zaidi.

Dokta Vaileth aliweka picha mbili kando kwa kando. Punje ya haragwe haikuwepo tena. Palikuwa na kitu kama korosho, kimekula mfupa na kuingia kwenye sehemu ya sikio inayoshika usawa wa mwili, na ncha yake ilikuwa imeanza kutazama upande wa ubongo.

"Kwa nini hukurudi, baba?"

"Jicho lilitulia."

Daktari akazitazama tena zile picha. Nadhani alikuwa anachagua kati ya maneno mawili, la huruma na la kweli.

"Lilikuwa linacheza kwa sababu neva ilikuwa inabanwa na inalalamika," akasema. "Lilitulia kwa sababu ilikufa."

Demetria aliweka kiganja mdomoni.

"Sasa tukiuacha?" Theonest akauliza. Maneno yake siku hizo yalikuwa yanatoka yamelowa, p na b zinamponyoka.

"Utaendelea kwenda ndani. Safari hii hatuuachi."

"Nitapuliza?"

"Hapana, baba."

"Hata kidogo? Hata rejeta?"

"Nitaunganisha neva ya mguuni, kwa sababu nikiacha kuunganisha nitakuwa nimekata tamaa kabla yako. Lakini misuli imelala muda mrefu. Siwezi kukuahidi."

Theonest alitazama mikono yake. Kisha akatikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya mteja anapoambiwa rejeta haizibiki, ni kununua nyingine.

"Kata," akasema.

Walikata. Walimfungua nyuma ya sikio, wakautoa wote, na sikio la ndani likaenda nao. Kipande cha neva kilitoka nyuma ya mguu wa kulia, chini ya goti, ndiyo maana hadi leo kisigino chake kina ganzi upande wa nje. Jicho wakalishona kidogo kwenye kona ili lisikauke. Didas alikuja kumwona wodini na machungwa. Akakaa, akazungumza mambo ya bendi, akatazama ile bandeji kubwa, na kabla ya kuondoka akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka marehemu, "Lile jicho lilikuwa na kipaji, lakini." Theonest akageukia ukutani.

Kabla hajaruhusiwa, daktari alimwambia Demetria kitu kimoja, nami nilikuwa hapo nimebeba begi.

"Neva mpya inatembea taratibu. Ikifika kwenye misuli, na misuli ikaipokea, dalili ya kwanza ni shavu kucheza. Kidogo tu, kama jicho lilivyokuwa linacheza. Safari hii itakuwa habari njema. Mwaka mmoja, mwaka na nusu. Ikipita hapo bila kitu, itakuwa ndiyo hivyo."

Kwa hiyo sasa kila asubuhi Pugu, jua likishapanda juu ya ukuta wa jirani, Demetria anatoa viti viwili uani. Anambandua plasta ya usiku aliyomfunikia jicho, anamtia matone, kisha anakaa mbele yake, magoti kwa magoti, na kulitazama shavu. Anamwambia asiongee. Anatazama kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Theonest naye anatazama mti wa mpera nyuma ya bega la mkewe, kwa sababu mtu anapotazamwa hivyo lazima awe na mahali pa kwenda. Tarumbeta iko juu ya kabati. Gereji anakwenda bado, anachomelea tu, na kupuliza kunafanywa na mashine ya jirani kwa kukodi.

Nilipita juzi. Mwaka ule umeshaisha, na ile nusu iliyoongezwa iko ukingoni, ingawa hakuna anayeitaja. Nilimkuta Demetria kwenye zamu yake. Nikavuta ndoo nikakaa kando, nikalitazama shavu pamoja naye. Kuku alipita. Upande ule wa uso ulikuwa laini, hauna mkunjo, kijana kuliko upande wa pili kwa miaka ishirini, na hauna mtu ndani.

"Limecheza," Demetria akasema.

Theonest hakusogea.

"Nakwambia limecheza. Hapa, chini ya jicho."

Macho yake mawili, moja zima na moja lililoshonwa, yaliteremka kutoka kwenye mpera yakaja kwa mkewe. Ilichukua muda maneno kujipanga kwenye nusu ya mdomo.

"Juu au chini?" akauliza.

Demetria hakucheka. Alinigeukia mie, na uso wake wote, wenye pande zote mbili zinazofanya kazi, ulikuwa unaniomba.

"Beni, wewe umekaa karibu na mwanga. Umeona?"

Miaka yote ile niliona kila kitu nilichoambiwa kipo. Niliona mgeni, niliona msiba, niliona mtu aliyepona.

"Sijaona kitu, mama," nikasema.

Theonest akanitazama kwa muda. Akapeleka mkono akanigonga goti, mara moja.

"Angekuwepo mmoja kama wewe kwenye pikapu," akasema.

"Nilikuwepo, mzee."

"Najua."

Demetria alibaki amekaa kidogo, mikono mapajani. Kisha akanyanyuka, akachukua matone, akakiinua kidevu cha mumewe kwenye jua na kulitia jicho tone jingine, ingawa alikuwa ameshatia.